Kitanda cha Birika

Jumamosi, 4 Oktoba 2008. Githongo

Mvua imeshuka leo alasiri ikanikuta nimesimama kwenye baraza la Baba, sanduku bado mkononi. Likizo nilizolimbikiza kiwandani zitanifikisha Desemba. Kazi yangu Nairobi ni kuchora mitungi ya plastiki, beseni na vifuniko vya chupa. Watu wakisikia mimi ni injinia hutarajia daraja. Mimi huwaambia daraja utalivuka siku moja moja, lakini kifuniko cha mafuta ya kupikia unapigana nacho kila asubuhi, na aliyekichora vibaya utamlaani bila hata kumjua jina.

Nimekuja kwa sababu ya mikono ya Baba. Inatetemeka. Daktari wa Nkubu amempa vidonge vya kumeza baada ya kula, lakini vidonge havishiki sufuria. Tangu Mama atutoke mwaka jana, Baba anapikiwa na Cicily, binti wa jirani, na sasa Cicily anaolewa Embu mwezi wa Desemba. Tumejaribu wasaidizi wawili wengine. Wa kwanza alizungumza sana wakati wa habari za redio. Wa pili aliifua kofia ya sufu ya Baba kwa maji moto, ikatoka ikimtosha mtoto mchanga, na akafukuzwa siku hiyohiyo.

Kaka yangu Mutembei anaona jambo limekwisha. Siku ya Jamhuri atakuja na gari amchukue Baba akaishi naye Nairobi, ghorofa ya nne. Baba hajasema ndiyo wala la. Amesema tu kwamba kahawa inaiva.

Nilimwomba Mutembei anipe msimu huu. Nikiweza kumfanya Baba ajipikie bila kujichoma, atabaki hapa. Nisipoweza, ataenda. Tulikubaliana kwa simu, bila hata kumuuliza mwenyewe, na sijivunii hilo.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisa, mvua, githeri ya mahindi na maharagwe, usingizi. Nimelala kama gogo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemfuata Baba kutwa nzima nikijifanya nasaidia kuchuma. Ndani ya nyumba mikono yake inanitia uchungu. Kikombe kinagongana na sahani mpaka naona aibu kusikiliza. Kibiriti hakimtaki kabisa. Mimi nakipenda kibiriti: droo inayosukumwa kutoka upande wowote, ukuta wa kuwashia umebandikwa kwenye sanduku lenyewe, hutafuti kitu kingine. Lakini kinadai mikono miwili itulie kwa pamoja, na Baba hana hata mmoja.

Halafu tukaingia kwenye kahawa. Vidole vilivyomwaga chai vikashika tawi, na vikatulia! Akachuma nyekundu akaacha kijani, haraka kunishinda. Nilisimama na kikapu changu kitupu nikimtazama.

"Unachuma ama unahesabu mawingu?" akaniuliza.

Nimeandika hapa nisisahau: mkono unaotetemeka hewani hutulia ukishika kitu kisichosogea. Hapo ndipo pa kuanzia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sufuria. Nani aliamua isiwe na mashiko? Nimeiwaza asubuhi yote badala ya kuosha vyombo. Ukingo wake uliokunjwa nje unatosha kushikwa kwa kitambaa, na bila mashiko zinaingiana zote saba zikakaa mahali pa moja. Kwa jikoni dogo ni akili safi. Kwa mtu anayetetemeka ni hatari, maana lazima uinue kitu cha moto kwa ncha za vidole.

Cicily aliniona nimeigeuza juu chini, akasema, "Dada Kathure, hiyo sufuria umeiangalia mpaka imeona haya."

Jumanne, 14 Oktoba

Tumepeleka kahawa kwenye kiwanda cha kijiji cha kuosha kahawa. Nimekuwa nikienda huko tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuona uzuri wa ile mifereji. Kahawa ikishamenywa inatiririshwa na maji, na maji yenyewe yanachagua: punje nzito inazama na kubaki nyuma, nyepesi inaelea na kwenda zake. Hakuna umeme, hakuna jicho la mtu. Aliyeibuni aliachia mteremko ufanye kazi. Nilimweleza Baba haya yote tukirudi nyumbani, naye akasikiliza kwa adabu kubwa, kisha akasema kwamba yeye alichimba mfereji wa pili kutoka juu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepata wazo na nimepata fundi. Wazo: Baba asiinue kitu chochote. Birika likae juu ya moto kwenye fremu ya chuma iliyolishika kiunoni, lipate kuinama. Mbele yake kikombe kiwe kimetuama. Kando kuna mpini. Ukiubonyeza chini birika linainama na kumimina, ukiuachilia linarudi lenyewe kwa uzito wake.

Fundi anaitwa Bundi, anachomelea mageti pale sokoni. Alitazama mchoro wangu kwa muda mrefu.

"Madam, hii ni kitanda ya mtoto?"

"Ni ya birika."

"Birika inalala?"

"Inainama tu."

"Sawa," akasema, "mimi nimetengeneza hata kiti ya mbuzi."

Sikumuuliza zaidi.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kitanda cha birika kimefika! Nimekifunga jikoni. Nimeinua mafiga yafike usawa wa kiuno cha Baba. Sufuria ya githeri nimeichimbia shimo kwenye saruji ili izame nusu na isipinduke hata ikisukumwa. Maji yanaingia kwa mpira kutoka kwenye tangi, na bomba lenyewe lina mpini mrefu wa kusukuma kwa kiwiko. Nimebonyeza, birika limeinama, chai imeingia kikombeni bila tone kuanguka, na Cicily amepiga kelele majirani wakadhani tumevamiwa na nyuki.

Baba alikuja akasimama akatazama. Nikabonyeza tena kwa ajili yake.

"Ni nzuri," akasema. Akarudi kwenye kahawa yake.

Nimefurahi sana. Leo nimekula mara mbili.

Jumatano, 29 Oktoba

Hajakitumia kitanda cha birika. Nimeacha majani ya chai, sukari na maziwa karibu, nikaenda soko la Gakoromone kununua viazi kusudi asiwe na mtu wa kumpikia. Nimerudi nimekuta kila kitu kilivyokuwa, na Baba amekaa barazani anasoma gazeti la juzi.

"Baba, hukunywa chai?"

"Sikuwa na kiu."

"Mpini ni mgumu?"

"Ni nzuri, Kathure. Ni nzuri kabisa."

Mpini ni mgumu. Nitaurefusha.

Jumatatu, 3 Novemba

Bundi ameurefusha mpini. Sasa unabonyezwa hata kwa kidole kimoja. Baba ametazama. Ni nzuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Labda ni moshi. Nimetoboa dirisha la pili, moshi sasa unatoka vizuri. Nilimuuliza. Ni nzuri.

Nimeanza kulichukia neno hilo. Kiwandani tukipeleka kifuniko kipya kwa wanunuzi, anayesema ni kibaya anatusaidia. Anayesema ni kizuri huku bado anafungua cha zamani kwa meno, huyo ndiye anayetunyima usingizi.

Jumanne, 11 Novemba

Kahawa imekolea, mvua haikati, wachumaji wamejaa shambani. Leo nimesahau mambo ya birika kwa saa nyingi kwa sababu ya lango. Bawaba zake ni vipande vya tairi vilivyopigiliwa misumari. Ukilisukuma lango, tairi linajikunja, ukiliachia linajinyoosha na kulifunga lango lenyewe. Bawaba na springi katika kitu kimoja, na haishiki kutu. Mithika, rafiki wa Baba tangu ujana wao na rika lake, alinikuta nalifungua na kulifunga.

"Injinia, unaingia ama unatoka?"

"Nani alitengeneza hili?"

"Ng'ombe," akasema. "Alivunja ile nyingine, ikabidi."

Siku njema. Mutembei alipiga simu jioni kuuliza Baba anaendeleaje na mashine yake. Nilimwambia anaizoea. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumapili, 16 Novemba

Ijumaa nilimsindikiza Cicily hadi Embu kuiona nyumba atakayoishi na mumewe mtarajiwa, Runji. Ni mtu mpole, ana masikio makubwa na ng'ombe wazuri. Tulilala huko siku mbili. Niliacha githeri tayari ndani ya sufuria, imebaki kuwashwa moto tu, na chai, na kuni kavu, na kibiriti cha gesi kile cha kubonyeza. Nilijiambia huu ndio mtihani wenyewe.

Tumerudi leo mchana kwenye mvua. Mithika alikuwa ametulia pale barazani amemshika Baba bega. Baba alikuwa rangi ya jivu. Alisimama asubuhi aende kanisani, kizunguzungu kikamwangusha kwenye ngazi, na kama Mithika asingepita kumchukua waende pamoja, sijui. Goti limechubuka, si zaidi. Lakini nilipouliza amekula nini tangu Ijumaa, akasema ndizi.

"Ndizi peke yake?"

"Zilikuwa zimeiva vizuri."

"Na vidonge?"

"Daktari alisema baada ya chakula. Sikuwa na chakula."

Nilikimbia jikoni. Githeri iko vilevile, imeanza kuchacha. Kuni zimepangwa nilivyozipanga. Sakafu niliyoifagia Ijumaa haina hata alama ya kiatu. Nilirudi barazani nimewaka hasira. Nilimpigia kelele baba yangu, mtu mzima wa kanisa, mbele ya rafiki yake. Nilimwambia kama hataki kubaki nyumbani kwake aseme, aache kunifanya niungue jua na moshi bure. Yeye alitazama mikono yake. Mithika alitazama mvua.

Simu ikalia saa hiyohiyo, Mutembei. Safari hii nilimwambia ukweli wote.

"Basi, Kathu," akasema. "Umejaribu. Hii si kitu ya kucheza. Jamhuri nakuja, tumalize."

Nilimpikia Baba uji. Nilimnywesha kwa kijiko, naye akakubali, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kuanguka kwake. Nimeshindwa, na ninaandika hivyo hapa ili nilizoee.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Tumeombana msamaha, kila mmoja kwa njia yake: mimi kwa maneno, yeye kwa kunipa ukurasa wa michezo.

Jumatano, 19 Novemba

Leo mvua ilikatika asubuhi. Saa nne hivi nilisikia harufu ya kitu kinachochomwa, nikaifuata hadi mwisho wa shamba. Baba na Mithika walikuwa wamekaa kwenye magogo, katikati yao moto wa matawi makavu ya mti wa mukima, na juu ya makaa ndizi mbichi zimepangwa kwa mstari. Baba alikuwa anazigeuza. Alikuwa na kijiti, amekiegemeza juu ya jiwe, na mkono wake umetulia tuli. Aligeuza moja, akaipapasa kwa kijiti, akairudisha, akaitoa ile ya kando iliyoiva. Hakuungua. Hakuangusha hata moja.

Nilijikuta nimeketi chini kwenye majani mabichi.

"Baba, kumbe unajua kupika."

"Hii si kupika," akasema. "Hii ni kuchoma."

"Kupika ni ya jikoni," Mithika akanifafanulia, kama anayemfafanulia mtu wa kutoka mbali.

"Na kule jikoni je? Nimekutengenezea kila kitu kule."

Baba aligeuza ndizi nyingine kabla ya kunijibu.

"Kathure, mimi nilitahiriwa kabla ya Uhuru. Tangu hiyo siku sijaingia jikoni. Ya mama yangu sikuingia tena. Ya mama yako pia. Hata akiwa mgonjwa, alikuwa anapenda kukaa pale karibu na moto, mimi nasimama mlangoni namuuliza, unataka nikuletee nini? Kutoka mlangoni. Sasa amekufa, ndio mimi niingie?"

Nilipokea ndizi iliyoiva kutoka kwa Mithika.

"Kwa nini hukuniambia? Kila siku unaniambia ni nzuri."

"Ni nzuri! Nilikuwa naiangalia kutoka mlangoni."

Mithika alianza kucheka, mabega yakimruka, kisha Baba, kisha na mimi, na machozi yananitoka na ndizi ya moto iko mkononi. Mimi ni Mmeru, na kwetu mwanamume akishatahiriwa haingii jikoni. Nimezaliwa boma hili. Kaka yangu alipotoka jandoni, Mama alimpelekea chakula nje, na mimi ndiye niliyebeba sahani. Nilipima urefu wa kiuno cha Baba, nguvu ya vidole vyake, uzito wa birika likijaa. Mlango wa jikoni sikuupima, kwa sababu mimi huupita kila siku bila kufikiri. Na zile siku mbili za njaa, nimeelewa pia. Ilikuwa inanyesha. Moto wa nje haushiki mvuani.

Kwa hiyo kinachohitajika ni paa.

Ijumaa, 21 Novemba

"Nionyeshe mahali," nilimwambia Baba, na akatembea moja kwa moja hadi kati ya nyumba na kahawa, akachoma fimbo yake ardhini. Alikuwa amepachagua zamani, inaonekana. Kutoka hapo anaona lango, anaona shamba, na jikoni la Mama liko nyuma ya mgongo wake.

Alhamisi, 27 Novemba

Nguzo nne, mabati, ukuta wa upande wa upepo tu. Bundi amehamisha kitanda cha birika, mafiga, sufuria na shimo lake. Nimeongeza kitu kimoja: ukingo wa mbao kuzunguka moto, wa kuegemeza kiwiko. Baba alichagua mbao mwenyewe. Aliubonyeza mpini kabla ya saruji kukauka, maji yakaingia kikombeni, akabonyeza tena. Safari hii hakusema ni nzuri. Alisema mpini ni mrefu mno, unamgonga tumboni. Nilitaka kumkumbatia. Bundi ameukata.

Jumatatu, 1 Desemba

Baba amejipikia chai asubuhi, chai mchana, na viazi jioni. Viazi vilikuwa na chumvi ya watu kumi. Amemeza vidonge vyake vyote.

Alhamisi, 4 Desemba

Mithika amepaita pale gaaru, jina la ile nyumba ya zamani ya vijana waliotoka jandoni, ambako mwanamke hakanyagi. Lilikuwa utani, lakini sasa wazee wanne wa rika lao wanakuja kila alasiri, na utani umeota mizizi. Leo niliona birika limekaa upande, nikaingia kulirekebisha. Mithika akakohoa.

"Injinia, hapa ni gaaru. Wewe simama hapo nje, utuambie cha kufanya."

"Mimi ndiye niliyeichora!"

"Tunashukuru sana. Hapo hapo, usikaribie."

Nilimtazama Baba anitetee. Alikuwa anapuliza moto kwa bidii ya ajabu. Basi nikasimama nje, matone ya mabati yakinidondokea kisogoni, nikawaelekeza: kushoto, kidogo, zaidi, basi. Nimekasirika kwa muda wa kutosha kurudi ndani ya nyumba, kisha hasira ikaisha. Nimesikia vicheko vyao hadi jua lilipozama. Sijasikia Baba akicheka namna hiyo tangu mazishi.

Sijamwambia Mutembei. Nikimwambia atadhani ni hadithi yangu nyingine. Aje aone.

Jumamosi, 6 Desemba

Cicily ameolewa. Nimelia, nimecheza, nimepoteza kiatu.

Ijumaa, 12 Desemba. Jamhuri

Mutembei alifika kabla ya saa sita, na mvua nyuma yake. Alikuwa ameleta sanduku jipya kwa ajili ya nguo za Baba. Alilishusha barazani, akanisalimia, akamtafuta Baba kwa macho.

"Yuko wapi? Amepack?"

"Yuko gaaru," nikasema.

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati, mvua inapiga juu yake. Mutembei alikimbia akainama akaingia, maana yeye ni mwanamume na hakuna aliyemkoholea. Mimi nilisimama mahali pangu, nje, chini ya mwavuli. Mithika alisogea kwenye gogo amwachie nafasi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Kaa. Maziwa iko karibu kuchemka."

"Baba, wacha mimi nifanye. Utajichoma."

"Kaa, Mutembei."

Akakaa, lakini kwenye ukingo wa gogo, mikono mbele, tayari kudaka. Baba aliegemeza kiwiko kwenye ubao. Alitia majani ya chai, mengine yakaanguka motoni. Alitia sukari. Mkono wake wa kushoto, ule usio na kazi, ulikuwa unatetemeka magotini kama kawaida, na kaka yangu hakuweza kuuondolea macho. Kisha Baba akabonyeza mpini kwa mkono wa kulia, birika likainama, na chai ikashuka ndani ya kikombe, mstari mmoja, hadi karibu na ukingo. Akaachilia. Birika likarudi.

"Chukua."

Mutembei alikunywa polepole. Sikuona uso wake vizuri kwa sababu ya moshi. Alikunywa yote, akakirudisha kikombe mahali pake, akasema, "Ongeza, Baba." Baba akabonyeza tena.

"Nairobi mimi hujipikia hivi hivi," kaka yangu akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Lakini yangu haina hii ladha."

"Ni moshi," Mithika akamwambia.

"Basi kwa sasa ubaki, Baba. Tutaona mbele."

"Sikuwa naenda," Baba akasema.

Nilicheka pale nje, kwa furaha na kwa kuchoka, nikageuka niende kupakua chakula cha watu.

"Kathure."

Nikasimama.

"Ingia."

Mithika alifungua mdomo.

"Nimesema aingie," Baba akasema, bila kumtazama.

Nikafunga mwavuli nikaingia. Mutembei alinipisha kwenye gogo. Baba alikisuza kikombe, akakiweka mahali pake, akaegemeza kiwiko, akabonyeza. Tone moja liliangukia jivu. Sikusogeza mkono kumsaidia, na haikuwa rahisi. Alipomaliza, alikichukua mwenyewe kwa mikono yake miwili, akakiinua kutoka kwenye chuma, akaninyooshea. Kilitetemeka njia nzima, kikamwagikia vidole vyake na vyangu.

Sukari ilizidi, na majani yalikuwa yanaelea. Nimekunywa yote. Nina miaka arobaini na moja, na leo ndiyo mara ya kwanza baba yangu kunipikia chai.